Upande wa Kushoto wa Pijo

Mwaliko ulikuja kwa simu, ukiwa na picha ya keki. Vijana wa Nyeri na Karatina wanaotengeneza magari madogo ya kuweka kabatini walikuwa wameunda kikundi, na kikundi hicho, kama kila kikundi kwetu, kilipata mwenyekiti, mweka hazina na fulana kabla ya kupata gari la kwanza. Sasa walitaka kumtuza mtu waliyemwita mwanzilishi wa ufundi huo katika sehemu zote za mlima, Mzee Gathogo wa Gatitu. Walikuwa wamesikia kwamba mimi nilikuwa mmoja wa "wasichana wa kusugua" katika karakana yake zamani. Je, ningependa kuja? Ala! Nisipende kwa nini? Nilivaa koti langu zuri, nikapaka viatu rangi, nikaenda kumwona mtu niliyemdharau tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Na niseme mapema, ili msomaji asije akanidai msamaha huko mwisho: dharau hiyo nimeitunza vizuri, haijashika kutu.

Habari za wazazi wangu sitawapa. Kila anayeandika maisha yake huku kwetu huanza na kijito alichochota maji na ng'ombe aliyemkamua kabla ya shule, na mimi vijito vimenichosha. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, ule niliomaliza kidato cha nne, nikasubiri matokeo, nikasubiri chuo, kisha nikachoka kusubiri. Nilikuwa nimechonga landrova kwa mti wa jakaranda, yenye ukubwa wa kiatu cha mtoto, na anti yangu akaiweka juu ya redio kule dukani kwake Gatitu. Gathogo aliiona alipokuja kununua sabuni. Yeye alikuwa na karakana nyuma ya hilo duka, chumba cha mabati ambamo alitengeneza kanopi za faibaglasi za kufunika pikapu. Aliigeuza ile landrova huku na huku, akaipuliza vumbi, akauliza, "Nani ametengeneza hii kitu?" Anti akanielekezea kidole. Gathogo akasema, "Kesho kuja. Niko na meza."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Meza alinipa. Nyeri nzima hakuna mtu mwingine ambaye angempa msichana meza ya kuchongea magari, wangenipa ufagio. Ilikuwa mbao nzito iliyolazwa juu ya madebe mawili, chini ya dirisha lisilo na kioo, na kutoka pale niliweza kuona mlima asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Chumba kilinuka resini, ule utomvu wa kugandisha faibaglasi, harufu tamu inayouma pua, inayoingia mpaka kwenye chai. Tulikula humo humo, saa saba, githeri ya jana iliyopashwa moto kwenye jiko, na ovakado moja tuliyokatiana. Wasichana wengine walikuja wakasugua kanopi kwa msasa, wakaondoka wakaolewa. Mimi sikusugua kanopi hata siku moja. Hilo waandike kwenye fulana zao.

Gathogo alikuwa ameona ofisini kwa mtu fulani Nairobi gari dogo la resini, na akarudi na wazo ambalo, nakubali, lilikuwa zuri. Wakati ule watu wa kwetu walisafiri kwa pijo, zile Peugeot ndefu za safu tatu za viti, na kila mwenye pijo aliipenda kuliko mkewe. Wazo lilikuwa kutengeneza pijo ndogo moja, kamili, na kuitolea nakala nyingi, tuwauzie hao wenye pijo kubwa. Ile ya kwanza, ambayo kalibu, yaani umbo la kumiminia, hutolewa juu yake, tuliita mama. Mama akiwa mzuri, watoto wote watakuwa wazuri. Mama akiwa na kovu, watoto wote watazaliwa na kovu. Na wa kumtengeneza mama alikuwa mimi.

Nilikataa kumchonga kwa kukisia. Hapo ndipo Gathogo na mimi tulipoanza kuachana njia, ingawa yeye hakujua. Kwake, pijo ni pijo: mbele pua, nyuma mkia, magurudumu manne. Nilienda kwa Baba Njeri, dereva aliyekuwa akipeleka abiria Sagana na kurudi, na aliyeegesha pijo yake karibu na kanisa kila Jumapili. "Hii gari imeokoka," aliniambia. "Jumapili haibebi mtu. Pima, lakini usifungue mlango ya nyuma, iko na tabia." Nikapima kwa utepe wa fundi cherehani wakati wengine wakiimba ndani. Nilipima upande wa kulia, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, nikaandika kiganjani. Nikapima wa kushoto. Haukulingana. Nikadhani utepe umelegea. Nikaunyoosha, nikapima tena, nikalala chini kwenye nyasi zenye umande na koti langu la Jumapili nikapima kwa chini. Upande wa kushoto ulikuwa mrefu kwa upana wa kidole.

Baba Njeri alipotoka kanisani nikamwambia, "Baba Njeri, gari yako iko mrefu upande moja."

"Shhh!" Akatazama huku na huku. "Kwani unataka nikose abiria? Mbele ilitoka kwa gari ingine, nyuma kwa ingine. Walichomelea kule Sagana. Inatembea ama haitembei?"

"Inatembea."

"Basi."

Nilicheka njia nzima. Lakini nilipoketi mezani Jumatatu kicheko kilikwisha, kwa sababu ilinibidi niamue. Nilikuwa nimeamua kugawanya kila kipimo kwa ishirini, na kile kidole cha Baba Njeri kikawa unene wa ukucha. Nani angeona unene wa ukucha? Gathogo alisema hivyo hivyo. Alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akanitazama nikichora mistari kwenye mbao, akaniita msichana kwa Kikuyu, akasema, "Sawazisha hizo pande, kairitu. Nani ataona?" Nikamwambia mimi ninaona. Akasema ati mteja hanunui macho yangu. Nikaendelea kuchonga. Sijui kama naweza kumweleza mtu asiyefanya kazi ya mikono furaha niliyokuwa nayo. Siku zile zote za shule nilikuwa nimefundishwa kwamba jibu liko nyuma ya kitabu, na ukipata jingine umekosea wewe. Sasa nilikuwa na jibu ambalo halikuwa nyuma ya kitabu chochote, nililolipata nikiwa nimelala kwenye umande, na lilikuwa kweli. Nililipenda lile kosa la kuchomelea kama mtu anavyopenda mtoto wake mwenye pengo.

Mama alinichukua miezi. Mwili ulikuwa wa jakaranda, ukapakwa bodi fila, ile lipu ya mafundi wa magari ya kuziba mabonde, nikausugua kwa msasa na maji hadi ukawa laini kama ganda la yai. Kanopi zilipokuwa nyingi Gathogo alilalamika kwamba nammalizia fila yake. Vioo nilivikata kwenye makasha ya kaseti, magurudumu kwenye ndara zilizokwisha, na kerieri ya juu niliifanya kwa spoki za baiskeli, nikazifunga kwa uzi wa shaba uliotoka kwenye redio mbovu. Hivyo vitu vya kuongezea viliwekwa mwishoni kwa kila nakala. Mwili tu ndio uliomiminwa. Anti yangu alikuja kuuona siku moja, akaushika kwa leso kana kwamba ni mkate wa ushirika, akasema, "Huyu ni wa Baba Njeri." Hakuambiwa. Aliitambua tu, kwa jinsi ilivyokaa imeinama kidogo. Hiyo ndiyo sifa ya pekee niliyopata mwaka ule, na bado ninaila.

Kisha kikaja kipindi cha kumimina, na kumimina ndiko Gathogo alikojua. Kumimina! Hata mtoto anamimina uji. Kalibu tulizitengeneza kwa ile gundi ya mpira inayoshikilia vioo vya madirisha, yenye kunuka siki, ukiichanganya na kornflawa ili ikauke haraka hadi ndani. Nilimwambia kornflawa, nikamwonyesha pakiti. Ilipokwisha, yeye akatuma unga wa ugali. "Unga ni unga," alisema, na akaukanda kwa mikono yote miwili, uso umejaa hekima. Pijo za kwanza zilitoka na vipele mwili mzima kama mtoto mwenye tetekuwanga, kila chembe ya mahindi imeacha alama yake. Nilidhani atazitupa. Akazipaka rangi nyeupe akaziuza. Aliwaambia wanunuzi kwamba ni matone ya mvua. Na watu wetu, ambao wakinunua kuku humfungua mdomo na kumhesabu vidole, walilipa wakashukuru. Baridi ya Julai ilipofika resini ikakataa kushika, akaongeza hadina, dawa ya kuigandisha, kwa kukisia hadi kalibu moja ikatoa moshi, akakimbia nje akipiga kelele kwamba nimeroga. Nilitengeneza kalibu nyingine mwenyewe, kwa kornflawa niliyoiomba kwa anti. Hizo ndizo zilizotoka safi.

Adhuhuri moja nilikuwa nakula githeri upande wa nyuma, na Gathogo alikuwa mbele na mgeni. Ukuta wa mabati hauna siri. Mgeni alitaka pijo sita za chama chao cha wasafirishaji, na akauliza ni nani mwenye mkono mzuri namna ile. Nikaacha kutafuna. Gathogo akasema, "Hiyo ni mkono yangu. Niko na wasichana hapa wananisaidia kusugua tu." Mgeni akasema Mungu ambariki. Gathogo akasema amina. Alisema amina! Nilimaliza githeri yangu yote, sikuacha hata punje, kwa sababu nilijua nikisimama kabla ya kumaliza nitamtupia sufuria.

Nikajiambia nisubiri maonyesho ya kilimo, maana alikuwa ameniahidi kwamba huko tutaandika majina yote mawili, lake na langu. Siku hiyo pijo yetu ililazwa juu ya kitambaa chekundu, kati ya vikapu vya kiondo na mnyama wa udongo ambaye mwenyewe alisema ni kifaru. Waamuzi waliipa utepe wa mshindi. Walipoondoka nikaigeuza kutazama tumboni. Palikuwa na jina moja, GATHOGO, na chini yake, GATITU. Nikachukua nyingine kati ya zile tulizoleta kuuza: lile lile. Nyingine: lile lile. Halikuwa limeandikwa kwa rangi. Lilikuwa limetoka kwenye kalibu. Nilipokuwa nimeenda nyumbani, alikuwa amechukua msumari akalichora jina lake kwenye tumbo la mama, akatoa kalibu upya, ili kila mtoto azaliwe akiitwa kwa jina lake.

Nilimkabili pale pale, mbele ya vikapu. "Nipe mama yangu," nikamwambia.

"Mama yako?" Akacheka, akawatazama watu wacheke naye. "Mbao ilikuwa ya nani? Fila ya nani? Msasa ya nani?"

"Na macho yalikuwa ya nani?"

"Kairitu, wacha kunitia aibu mbele ya watu."

Nikaondoka. Sikurudi hata kuchukua kisu changu. Mwaka uliofuata nilienda kusomea kazi ya kutengeneza meno ya bandia, na ndiyo ninayoifanya hadi leo: kalibu, plasta, kupima hadi unene wa ukucha, na mgonjwa akisema "nani ataona" namwambia ulimi wake utaona. Sikuchonga gari jingine. Watu husema mambo ya ujana husahaulika. Labda yao. Mimi kwa miaka hii yote, nikipita dukani nikaona pijo nyeupe kwenye kabati la mtu, nimekuwa nikiigeuza kusoma jina lile, kisha nairudisha nikiwa na uchungu mdomoni. Nilichotaka kilikuwa kidogo. Nilitaka mtu mmoja aigeuze pijo yangu asome jina langu.

Basi katika hoteli ya sherehe hiyo ya kumtuza, vijana walikuwa wamepanga pijo za Gathogo juu ya meza ndefu, za zamani upande mmoja hadi za juzi upande wa pili. Nilipoziona nilicheka kwa sauti, mwenyekiti wa fulana akageuka. Zilikuwa zimepungua! Ya kwanza ilikuwa na urefu nilioupima mimi. Ya mwisho ilikuwa fupi kwa kidole kizima. Resini hunywea kidogo kila ikimiminwa. Mama lazima alivunjika zamani, nadhani Gathogo ndiye aliyemwangusha, na kwa kuwa hakuweza kumchonga mwingine, alitoa kalibu juu ya nakala, kisha juu ya nakala ya nakala, mwaka baada ya mwaka. Yaani wizi wake wote ulikuwa umepangwa pale juu ya kitambaa, kwa kimo, kama darasa la watoto wanaopigwa picha. Na watu walipita na sahani za mukimo na kuku wakimsifu, "Aki huyu mzee ni noma."

Msichana mmoja wa kikundi, Makena, kutoka Meru, mwenye miwani mikubwa na kompyuta ya kupakata, alipewa nafasi aonyeshe zawadi yao kwa mzee. Alikuwa ameiskani pijo ile ya kwanza kwa simu, ikaingia kwenye kompyuta, na sasa mashine yao ingeweza kuijenga upya kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, bila kalibu, bila kunywea. Ikaonekana ukutani, kubwa, ikizunguka. Nikainuka kitini kama mjinga. Kisha Makena akasema kwa furaha, "Tulipata pia kaerror kadogo. Upande wa left ulikuwa mrefu kuliko wa right. Tumeshafix, sasa ziko sawa." Watu wakapiga makofi.

Gathogo akainuka. Amezeeka, kofia ya ngozi, fimbo. Akashika kipaza sauti kwa unyenyekevu ambao ungemtoa machozi mtu asiyemjua. "Watoto wangu," akasema, "hiyo makosa ni yangu. Wakati huo hatukuwa na mashine. Mkono wa binadamu unateleza. Asanteni kwa kunirekebishia." Wakampigia makofi zaidi, wengine wakasimama. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Aliiba gari, aliiba jina, na sasa, mbele ya macho yangu, ameiba hata kosa. Na lile kosa ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote. Likisawazishwa leo, kwenye mashine isiyonywea, basi hakutakuwa tena na kitu chochote duniani nilichokipima mimi.

Mwenye kuongoza sherehe akasema, "Tuko pia na mathe mmoja aliyekuwa akisugua kwa mzee. Mathe, wave kidogo." Sikupunga. Nilienda mbele nikachukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Pijo hiyo niliichonga mimi," nikasema. "Yote. Na haina kosa. Gari lenyewe lilikuwa hivyo."

Gathogo akatabasamu, akainamia kipaza sauti kingine. "Ni kweli, alisaidia sana. Alikuwa akisugua vizuri. Huyu ni kama msichana wangu." Na nini kikafuata? Makofi! Walimpigia makofi kwa ukarimu wake wa kunitambua.

Ila Makena hakupiga makofi. Alikuwa ameinamia kompyuta, amekunja uso. "Mzee," akauliza, "hii ilikuwa gari ya nani?"

"Aah, magari yalikuwa mengi wakati huo," akasema Gathogo, na akaketi, akavuta sahani ya keki.

"Mathe?" Makena akanigeukia.

Nikamwambia. Baba Njeri alishazikwa, na pijo yake iliuzwa kwa vyuma chakavu, hakuna abiria wa kukosa tena. Nikamweleza mbele ilitoka gari gani na nyuma gari gani, na mahali walipochomelea, na kwamba ukitazama kwa chini, nyuma kidogo ya mlango wa dereva, mstari unapinda kwa sababu hapo ndipo vipande viwili vilipokutana. Nilikuwa nimeuchonga na ule mstari. Makena akaizungusha pijo ukutani, akaingia chini yake, akaikuza, akaikuza tena. Ulikuwepo. Watu waliokuwa karibu wakaacha kutafuna. Karibu nao, kwenye tumbo lile lile, kulikuwa na zile herufi za msumari, zimeandikwa kwa haraka, zimekatiza juu ya mstari wangu bila kuuona.

"Wueh," akasema Makena polepole. "So nirudishe vile ilikuwa?"

"Rudisha."

Akabonyeza, na upande wa kushoto ukarefuka. Kisha akaweka kidole juu ya herufi za tumboni, akaniangalia. "Na hapa? Kwani unaitwa nani?"

Najua jibu ambalo mtu mzuri angetoa. Angesema jina si kitu, mwandike Baba Njeri, au mwache mzee, ameshazeeka. Gathogo alikuwa ameacha keki, ananitazama, na machoni mwake niliona kwamba anategemea hasa niwe huyo mtu mzuri.

"Futa hilo kwanza," nikamwambia Makena. Nikamtajia majina yangu yote matatu, herufi kwa herufi, nikasimama nyuma ya kiti chake hadi akamaliza kuyaandika.